Nani Amewaogofya Watoto Wetu?

Twataka kunena juu ya jambo ambalo wengi wetu twalijua, lakini ni wachache wanaopenda kulisikia likitajwa. Huenda wengine watakasirika. Na wakasirike, sisi waalimu tumetangulia kukasirika, tena hasira yetu yaanzia nyumbani kwetu wenyewe, kama mtakavyoona.

Katika muhula uliopita, siku ya Jumanne, saa nne ya asubuhi, watoto walipokuwa nje kwa mapumziko, gari jeupe lilisimama kando ya uwanja wa shule yetu. Mwenye gari ni mchuuzi wa kuku. Alikuwa na matenga yake matupu nyuma, naye alishuka kuwauliza watoto njia ya kwenda kitongoji cha chini, maana daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Kabla hajamaliza salamu, mtoto mmoja akapiga ukelele, "Ndilo lile!" Mara mawe yakaanza kuruka. Walioyarusha hawakuwa wahuni. Walikuwa watoto wa darasa la tano na la sita, watoto wa kwaya, watoto wanaotupa shikamoo njiani kila siku. Wadogo walikimbilia vichakani, na mmoja wao akaanguka ukingoni mwa shimo la takataka akavunjika mkono. Wanaume waliokuwa wakilima karibu wakaja na majembe mikononi. Tulipofika sisi, yule mtu alikuwa amejifungia ndani ya gari, kioo cha mbele kimepasuka, damu yamtoka sikioni, naye ayatazama yale majembe. Tukasimama kati yake na watu. Hatutaki kujisifu kwa hilo. Miguu yetu ilitetemeka. Mwenyekiti wa kitongoji alipofika alimtambua, kwa kuwa mwaka wa nyuma alikuwa amemwuzia majogoo, na ndipo majembe yaliposhuka.

Basi, ni nani aliyewafundisha watoto wale kumpiga mgeni kwa mawe?

Siku nne kabla ya Jumanne ile, ilifika kijijini kwa njia ya WhatsApp sauti ya mwanamke asiyejulikana. Alisema, huku akilia, kwamba gari jeupe lazunguka mashuleni kuwachukua watoto, na kwamba wale wanaoonekana tena huonekana wamekufa, viungo vyao vimekatwa. Hakutaja jina lake, wala mji, wala tarehe. Alisema tu, "Juzi, huku kwetu." Pamoja na sauti ile ilikuja picha ya maiti ya mtoto. Tulijaribu kuifuata njia ya habari hiyo nyuma, kama mwindaji afuatavyo damu ya mnyama. Iliingia kwa kundi la wachuuzi wa mnadani. Kutoka huko ikaingia kundi la ukoo mmoja, kisha kundi la kwaya, kisha kundi la wazazi wa shule yetu. Na katika kundi la wazazi, aliyeileta alikuwa nani? Alikuwa mwalimu, mwenzetu, mtu mwema asiye na mzaha. Chini yake aliandika, "Tuwe macho. Naituma kama nilivyoipokea."

Hayo ndiyo yaliyotendeka mchana, mbele ya watu. Yako mengine yaliyotendeka usiku. Mtoto mmoja wa darasa la tatu hakuja shule siku tisa. Mama yake alidhani ni homa. Lakini mtoto hakuwa na joto mwilini. Alianza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani, naye hakukubali kwenda chooni peke yake hata saa sita ya mchana. Alipoulizwa kwa upole alisema kwamba yule mtoto wa pichani huja kulala kando yake. Na picha aliiona wapi? Aliiona mkononi mwa babu yake. Mzee macho yake yamefifia, naye alikuwa amemwita mjukuu amsomee maandishi.

Twawaomba msimame kidogo hapo. Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu, ati wazichezea mno. Huyu hakuwa akichezea. Aliitwa na mkubwa wake, akatii, akasoma. Katika nyumba zetu nyingi mtoto ndiye msomaji wa mzee, ndiye ajuaye kufungua ujumbe na kuusikiza, ndiye anayeagizwa, "Hebu nitazamie kuna nini." Twawafanya makarani wetu, kisha twashangaa kwamba wameona yaliyomo ndani ya barua.

Sasa na tuyatazame yale maneno matatu, "Naituma kama nilivyoipokea." Twayachukia maneno hayo kuliko picha yenyewe. Mama akiletewa unga na jirani, huupepeta na kuunusa kabla hajausongea ugali watoto wake. Ukiwa na ukungu, hamwambii mtoto, "Kula, mwanangu, nakupa kama nilivyoupokea." Mtu akifanya hivyo tutamwita mwuaji. Lakini habari yenye sumu twaipakua moto moto, twaigawa kwa watu mia mbili kwa mara moja, kisha twanawa mikono. Maneno yale si kitu ila ni namna ya kusema, "Nataka niwe wa kwanza kutoa habari, lakini sitaki kuulizwa habari yenyewe."

Lakini watatujibu, "Nia yetu ilikuwa njema. Tuliwatahadharisha watu, maana lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Ni kweli, laja. Wasikilize jinsi linavyokuja. Katika mji wa Karachi, nchi ya Pakistani, chama kimoja kilitengeneza filamu fupi ya kuwaonya wazazi wawaangalie watoto wao. Ndani yake watu wenye pikipiki wamnyakua mtoto aliyekuwa akicheza, kisha wamrudisha, nao waonyesha maandishi ya kuonya jinsi ilivyo rahisi mtoto kuibwa. Filamu ile ilikuwa njema. Mtu asiyejulikana akaikata mwisho wake, ule wa kumrudisha mtoto, akaituma bila ya mwisho. Ikavuka mpaka ikaingia India, ikapita simu kwa simu pamoja na sauti za kusema kwamba wezi wa watoto wamefika wilayani. Katika mwaka 2018 watu zaidi ya 20 waliuawa na makundi ya watu nchini humo kwa kushukiwa kuwa wezi wa watoto. Tarehe 1 Julai mwaka huo, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, wapita njia watano waliuawa kwa siku moja. Waliowaua walikuwa wazazi kama sisi, waliotahadharishwa kama sisi. Mchuuzi wetu wa kuku alikosa kuwa mmoja wa watu wa namna hiyo kwa sababu mtu mmoja tu alikumbuka majogoo.

Mtu mwingine atasema kwa haki zaidi: "Je, mwanzoni mwa mwaka 2019 huko Njombe watoto hawakuuawa? Na ndugu zetu wenye ualbino hawakukatwa viungo?" Waliuawa. Walikatwa. Hatusemi hata kidogo kwamba mabaya hayapo, wala kwamba watoto wafichwe yaliyo kweli. Mzazi wa Njombe aliyemsindikiza mwanawe shuleni siku zile alitenda vema sana. Lakini angalieni tofauti. Habari ya Njombe ilikuwa na mahali, ilikuwa na siku, ilikuwa na wakuu waliojitokeza kuisema na kuulizwa. Na kwa hiyo watu waliweza kutenda jambo. Habari ya "juzi, huku kwetu" haina mahali, basi iko mahali pote. Haina siku, basi haiishi kamwe. Picha iliyoletwa kwetu yaweza kuletwa tena mwaka ujao, na watoto wengine watakojoa vitandani.

Wako wazee wanaopenda kusema kwamba zamani hapakuwa na mambo haya. Kwa heshima yote, zamani yalikuwapo. Nani asiyesikia habari za mumiani? Pwani watoto walikatazwa kutembea usiku, ati watu wa mumiani watawanyonya damu. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, na masikini askari wa kuzima moto na gari lao jekundu wakaogopwa kuliko moto wenyewe. Bara huku walikuwa chinjachinja. Hapakuwa na simu hata moja katika maneno yale. Yalitembea kwa miguu, kwa midomo ya watu wazima, jioni, kando ya moto, mtoto akiwa amejilaza kama aliyelala. Kwa hiyo na tuache kuisingizia simu. Simu haikujituma.

Lakini jambo moja limegeuka, nalo ni kubwa. Sisi tuliokuwa watoto mwaka 1996 twakumbuka habari ya MV Bukoba, meli iliyozama ziwani karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, ikafa nayo mamia ya watu. Tuliisikia kwa redio, saa mbili ya usiku, saa ya taarifa ya habari. Redio ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya baba. Watu wazima walikaa, na sisi tukakaa nyuma yao. Tuliwaona wakishika vichwa. Mmoja wetu aliogopa mno, hata hakukubali kuvuka kijito cha nyumbani, ambacho maji yake hayafiki magotini. Lakini baba alikuwapo pale pale taarifa iliposomwa, akaweza kutuambia Mwanza ni wapi, na ziwa ni nini, na kwa nini kijito chetu hakiwezi kuzamisha meli. Taarifa ikaisha, redio ikazimwa ili betri zisiishe. Habari ilikuwa na saa yake, na mtu mzima wa kuuliza alikuwa karibu. Leo haina saa. Humkuta mtoto kisimani, kitandani, nyuma ya darasa, wala hapana anayejua ni saa ipi imemkuta.

Na wako wasemao, "Mtoto ni mtoto, haelewi, atasahau." Hao ndio waliotuchosha kabisa. Ni kweli haelewi, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Tarehe 11 Septemba 2001, ndege zilipobomoa majengo marefu ya New York, televisheni zilionyesha ndege ile ile ikigonga jengo lile lile mara nyingi mchana kutwa. Mtu mzima alijua ni picha moja inarudiwa. Wako watoto wadogo waliodhani kila mara ni ndege nyingine, na jengo jingine, na watu wengine wanakufa. Siku tatu hadi tano baadaye wataalamu waliwapigia simu watu wazima 560 katika nchi nzima ya Marekani, na wazazi miongoni mwao wakaulizwa habari za watoto wao. Watoto 35 katika kila 100 walikuwa na dalili ya kufadhaika, kama vile kukosa usingizi, au kuwa wepesi wa hasira, au kushindwa kutuliza akili. Wengi wa watoto hao hawakuwa New York. Walikuwa mbali sana, nyumbani kwao, wakitazama tu. Basi mtu asituambie kwamba mtoto wa darasa la tatu hawezi kuumizwa na maiti iliyo mbali. Kwake yeye haiko mbali. Iko katika mkono wa babu.

Mdogo huogopa kile akionacho kwa macho, damu na uso wa kutisha, hata ukimwambia mara kumi kwamba si kweli. Aliyekua kidogo, wa miaka kumi na zaidi, huogopa neno: kutekwa, vita, maradhi. Huyo hukojoi kitandani. Huyo huokota jiwe. Tumeyaona yote mawili katika juma moja.

Sasa wamekuja wenye dawa ya kukataza. Wapiga meza katika mkutano wa wazazi, "Simu zikamatwe, zichomwe!" Nchi ya Australia imekataza kwa sheria, tangu tarehe 10 Desemba 2025, watoto walio chini ya miaka 16 wasijiandikishe katika mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok. Hatuicheki sheria hiyo. Huenda italeta mema. Lakini hata sheria kali namna hiyo imeiacha WhatsApp nje, nayo ndiyo iliyotuletea balaa letu. Wenye WhatsApp wenyewe wamekwisha kuandika kwamba asiyefika miaka 13 asiitumie. Vema. Yule mtoto wa darasa la tatu hana simu. Hakujiandikisha mahali popote. Mtamkataza nini? Kumsomea babu yake?

Twasema ukweli, wapigao meza wengi ni wale wale walioituma sauti. Ni kazi nyepesi kumnyang'anya mtoto simu asiyo nayo. Kazi nzito ni kujizuia kidole chako mwenyewe.

Na liko jambo jingine, ambalo kwetu ni aibu zaidi. Kijana mmoja wa kidato cha pili, wa kijiji hiki, aliiona picha ile siku ya kwanza. Aliikuza, akatazama gari lililo nyuma ya maiti, akaona namba zake si namba za nchi yetu. Tena aliona alama ya mishale miwili juu ya ujumbe. Wasomaji wetu wengi huiona mishale hiyo bila kuuliza maana yake. Maana yake ni kwamba ujumbe umekwisha kupitishwa mkono kwa mkono mara tano au zaidi, wala aliyekuletea siye aliyeuandika. Na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Kijana aliyajua hayo yote. Akamwambia baba yake mdogo, mbele ya watu, "Baba mdogo, hii siyo ya kwetu, ni ya uongo." Akajibiwa nini? "Nyamaza! Tangu lini mtoto akamfundisha mkubwa?" Akanyamaza. Siku ya Jumanne alikuwa shuleni kwake, mbali; hakuwapo kusema.

Adabu ya kuwaheshimu wakubwa twaipenda, nasi ndio tunaoifundisha. Lakini adabu haikuwekwa ili mkubwa abaki katika uongo. Nyoka akiwa nyuma ya kiti cha mzee, mtoto hasubiri kuruhusiwa kusema. Vijana wetu hawa, tunaowalaumu mchana na usiku, mara nyingi wana macho makali kuliko yetu katika mambo haya. Wamezaliwa nayo, sisi tumeyakuta ukubwani. Wana makosa yao, tena si haba. Hupenda kutazama yanayotisha ili waonekane wanaume mbele ya wenzao, kisha hulala taa ikiwaka. Hawamwambii mtu, maana wajua jibu litakuwa kipigo au kicheko. Hivyo mdogo hatuambii kwa kuwa hajui kusema, na mkubwa hatuambii kwa kuwa anajua tutakavyojibu.

Mtauliza, sisi waalimu tumefanya nini, mbali na kuandika? Kidogo. Yule mwenzetu alisimama katika mkutano wa wazazi akasema, "Mimi ndimi niliyeituma." Hatujapata kuona ukumbi wetu ukinyamaza vile. Baada yake wanne wengine walisimama. Siku za Ijumaa, saa ya mwisho, watoto wa darasa la tano hadi la saba huleta habari waliyoisikia juma hilo, yo yote, nasi hatuwacheki. Twawauliza: Nani aliisema? Wapi? Siku gani? Je, yeye aliona, au naye aliletewa? Wakikosa majibu, twaiandika ubaoni upande wa kushoto, na huko kushoto hujaa haraka. Kijana wa kidato cha pili, akiwa likizoni, huja kuwafundisha wazee katika baraza la kitongoji jinsi ya kuisoma mishale. Baba yake mdogo huhudhuria, ingawa hukaa nyuma.

Kwa mzazi twaomba mambo yaliyo madogo sana. Picha ya maiti ikikufikia, ifute. Usiionyeshe hata kwa kusudi la kufundisha. Habari nzito iliyo kweli ikiwa imefika, usimwache mtoto aikusanye kwa vipande kutoka mlangoni. Mwite, kaa naye, mwulize kwanza amesikia nini, maana mara nyingi alichosikia ni kibaya kuliko kilichotokea; kisha mwambie kilichotokea kwa maneno machache, na mwambie pia ni nani anayemlinda njiani na nyumbani. Kama hujui, mwambie hujui. Na kama wewe mwenyewe waogopa, usijifanye simba, yeye hukuona.

Mtoto wa darasa la tatu amerudi shuleni. Mama yake humleta mpaka mwembeni, na kutoka hapo huja peke yake, akihesabu hatua kwa sauti. Babu sasa humwita kijana mkubwa kumsomea. Aliyevunjika mkono amefunguliwa plasta.

Lakini mchuuzi wa kuku hajarudi. Tulipeleka wajumbe wawili, pamoja na fedha za kioo zilizochangwa na wazazi. Alizipokea kwa adabu, akasema amepata kuku kwingine. Kwa hiyo akina mama wa kitongoji cha chini, waliokuwa wakimngoja mlangoni kila juma la pili, sasa huwafunga kuku miguu na kuwabeba kichwani hadi mnadani, saa tatu za kwenda kwa miguu, na wakifika huko wamechoka huuza kwa bei yo yote wanayopewa.